Betri Mbili za Mwalimu

Wateja walimwita Mama Pindo kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kupinda: suruali ndefu kuliko mwenye nazo, mapazia yanayofagia sakafu, sare za shule zilizonunuliwa kubwa ili zimfae mtoto miaka miwili. Magauni ya harusi aliwaachia wengine. "Mimi niletee kitu kilichozidi, nitakipunguza," alikuwa akisema, pini zimebanwa midomoni. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane, watoto wake wametawanyika na kazi zao. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana: cherehani tatu, meza ya kukatia, pasi ya umeme juu ya kigae, na kioo kirefu kilichopasuka kona moja.

Chumba cha nyuma alikaa dada yake. Huyo alimzidi miaka tisa, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na minne na hata baada ya kustaafu hakuacha kusahihisha watu. Muuza mboga akikosea kurudisha chenji, hata kama kosa lenyewe linampendelea Mwalimu, alisimamishwa palepale afanye hesabu upya.

Mapafu yake yalikuwa yamechoka kabla ya yeye mwenyewe kuchoka. Daktari alimwandikia mashine ya oksijeni, kitu cha kimo cha stuli, chenye magurudumu, kinachovuta hewa ya chumbani, kuichuja na kuipeleka puani kwa mpira mwembamba. Ilinguruma mchana kutwa. Mwalimu aliiita Mgeni.

"Kwa nini Mgeni, dada?"

"Kafika bila taarifa, anakoroma, na haonyeshi dalili ya kuondoka."

Umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia zake. Ulikatika robo saa, ukarudi. Ulikatika nusu saa, ukarudi. Mgeni akinyamaza, Mwalimu alikaa kitako kitandani, akakunja mikono na kuvuta pumzi kidogo kidogo. Mdogo wake akija mbio mbio, alimfukuza kwa kidole. "Rudi kwenye suruali za watu. Mimi nimesimamia mitihani ya saa tatu bila kukalia kiti."

Jumanne moja mchana Mama Pindo alikwenda kununua zipu na nyuzi. Alichelewa, kwani muuzaji hakuwa na rangi ya kijivu na alitaka kumshawishi kwamba bluu ni kijivu kilichokolea. Alipokuwa anarudi, alipopinda kona ya mtaa wake alisikia kimya. Redio ya dukani haikusema kitu. Mashine ya kusaga nayo kimya. Akaongeza mwendo, kisha akakimbia, mfuko wa zipu ukimpiga mapajani.

Alimkuta dada yake sakafuni chini ya dirisha, viwiko juu ya magoti, midomo imepiga rangi ya zambarau.

"Dada!"

"Usi... pige... kelele," alisema Mwalimu, neno moja kwa pumzi moja.

Mama Pindo alitoka nje kutafuta gari, akarudi ndani, akatoka tena. Hajui alipita mlango ule mara ngapi. Alichokikumbuka baadaye ni kwamba umeme ulirudi wenyewe, Mgeni akalia mlio mmoja na kuanza kunguruma, naye akapiga magoti sakafuni akimshikia dada yake mpira puani kama anayemlisha mtoto. Midomo ilianza kurudia rangi yake, kwanza katikati, halafu pembeni.

Kesho yake walikuwa mbele ya muuguzi wa zahanati, mwanamke mnene asiyekuwa na haraka.

"Umeme ulikatika kwa muda gani?"

"Saa moja na nusu," alisema Mama Pindo.

"Na ungekatika saa sita, mngefanya nini?"

Mwalimu, ambaye hajawahi kukosa jibu la swali la hesabu, alitazama bango la chanjo ukutani.

"Usiku umeme ukikatika mnawasha nini?"

"Mshumaa."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Mshumaa? Chumba chenye oksijeni?" Akawaeleza, taratibu, jinsi moto mdogo unavyogeuka mkubwa kufumba na kufumbua mahali penye oksijeni nyingi. Kuanzia siku ile ni tochi tu, na kibiriti kisivuke mlango wa chumba kile. Jenereta pia isikae karibu na nyumba, kwa sababu moshi wake ndicho kitu ambacho mapafu yale yasingeweza kukivumilia. Kilichobaki ni betri, na mtungi wa oksijeni wa akiba ambao zahanati ingewaazima.

Njiani kurudi Mwalimu alikuwa mkali. "Nyumba nzima igeuzwe kituo cha umeme kwa ajili ya pua yangu? Nimeshakula miaka yangu. Wewe una kazi zako."

"Dada, jana nilikukuta sakafuni."

"Nilikuwa nimepumzika."

"Ulikuwa wa zambarau!"

Mama Pindo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpandishia dada yake sauti, alishangaa kuona mtaa hauwaangalii. Wiki ile ile Mama Pindo aliuza cherehani ya kudarizi, ile aliyoipenda kuliko zote na kuitumia kidogo kuliko zote, akamwita fundi wa umeme.

Huyo alijulikana kama Fundi Subiri, maana kila sentensi yake ilianzia hapo. Alifika na mkoba wa turubai, akavua viatu, akasimama katikati ya chumba cha nyuma akitazama dari.

"Subiri kwanza. Kabla hatujasema betri ngapi, lazima nijue mashine inakula kiasi gani."

"Wati mia tatu," sauti ilitoka kitandani. "Imeandikwa nyuma yake. Hukufundishwa kusoma?"

Fundi aliinama nyuma ya Mgeni. Wati mia tatu. Akaanza kueleza, akimwelekea Mama Pindo, kwamba angeweka betri mbili kubwa na inveta ya kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani. Betri hizo zisitumike mpaka zikauke. Nusu tu. Zikivuka nusu mara kwa mara zinakufa mapema, na inveta nayo hula chake kidogo njiani. Akataja ukubwa wa betri, akatoa simu ili apige hesabu.

"Saa saba," alisema Mwalimu.

Fundi aliendelea kubonyeza simu. Alipomaliza aliitazama, akamtazama Mwalimu, akaitazama tena. "Saba," alikubali.

Mama Pindo aliona kitu ambacho hakukiona kwa miezi. Dada yake alikuwa amekaa wima, na mkono wake ulikuwa unapapasa meza ya kando ukitafuta kalamu.

Kazi ilichukua siku mbili. Betri zilikaa kwenye kibaraza cha nyuma, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu ya kupitisha hewa. Inveta ilipigwa ukutani juu yake. Waya ukaingia chumbani mpaka kwenye soketi moja ya matundu mawili, ambayo Fundi Subiri aliipaka rangi ya kucha nyekundu ili asiwepo wa kuikosea. Kisha Mama Pindo alimbembeleza amvutie soketi moja na karakana, kwa ajili ya taa tu, umeme ukikatika akiwa na suruali ya mtu ya haraka.

"Subiri kwanza. Taa tu?"

"Taa tu, fundi wangu."

Fundi alikuna kisogo, akavuta.

Mwalimu ndiye aliyesema kwamba kitu ambacho hakijajaribiwa hakipo. Alipanga jaribio siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, akawaamuru wote wawili wahudhurie, akavaa saa yake ya mkono ambayo hakuivaa tangu astaafu. Fundi alizima swichi kuu. Kwenye kibaraza inveta ilitoa sauti ndogo, tik, na Mgeni akaendelea kukoroma bila kugutuka. Mama Pindo alipiga makofi. Walikaa, wakasubiri, wakapiga soga. Baada ya dakika arobaini alikuja mteja aliyetaka suruali yake ya suti, tena alitaka kuondoka nayo. Mama Pindo alikwenda karakana, akamalizia pindo, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka thelathini, ukachomeka pasi kwenye ile soketi ya taa.

Inveta ilipiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, ikazima. Mgeni akazima. Kengele yake ikaanza kulia.

"Mtungi!" alisema Mwalimu.

Mtungi ulikuwa pale pale, pembeni ya kabati. Ufunguo wa kuufungulia haukuwepo. Mama Pindo alipekua droo, akapekua mfuko wa zahanati, akainua godoro. Fundi alikimbilia swichi kuu.

"Msiwashe!" Mwalimu aliinua kiganja. Alikuwa ameanza kuhema lakini macho yake yalikuwa kwenye saa. "Siku yenyewe... hakutakuwa na... swichi ya kuwasha. Tafuteni."

Ufunguo ulipatikana jikoni, kwenye droo ya vijiko, ambako mtu mmoja mwenye mpangilio mzuri aliuweka ili usipotee. Hewa ilipoanza kupita kwenye mpira, Mwalimu alivuta pumzi kumi kubwa kabla ya kusema.

"Dakika nne. Mmepata arobaini kwa mia. Mtarudia Jumatatu."

Mteja wa suti, aliyekuwa amesimama mlangoni na soksi zake akitazama yote hayo, alisema angeweza kuivaa ile suruali bila kupigwa pasi.

Soketi ya karakana iling'olewa siku hiyo hiyo. Mama Pindo mwenyewe ndiye aliyeshika tochi fundi akiing'oa. Ufunguo ulifungwa kwenye shingo ya mtungi kwa utepe wa pazia, mafundo mawili. Mwalimu aliandika karatasi moja kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani: nani anafanya nini, kwanza nini, halafu nini, namba ya simu ya muuguzi chini kabisa. Jumatatu walitumia dakika moja na nusu.

"Sabini na tano," alisema Mwalimu.

"Kwa nini si mia?"

"Umekimbia. Chumba chenye mpira wa hewa sakafuni hatukimbii. Ukijikwaa tutakuwa wagonjwa wawili na mtungi mmoja."

Umeme wenyewe ulikatika kweli miezi miwili baadaye, msimu wa upepo. Asubuhi, saa nne kamili, tawi kubwa lililalia waya, na nguzo ikaenda nalo. Inveta ilifanya tik. Mwalimu aliandika saa kwenye daftari. Mama Pindo alihamia kwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na kwa muda mrefu nyumba ile ilikuwa na sauti mbili tu, cherehani mbele na Mgeni nyuma, utafikiri hakuna kilichotokea.

Saa nane mchana habari zilipita mtaani kwamba ofisi ya umeme imesema nguzo mpya itasimama kesho asubuhi. Mwalimu alichukua kalamu. Betri zingefika saa kumi na moja jioni. Mtungi, kwa kipimo alichoandikiwa, ulikuwa na saa kumi na moja ndani yake. Ungefika saa kumi alfajiri. Kisha alichora mstari mfupi na kuandika alama ya kuuliza.

"Asubuhi yao huanza saa ngapi?" alimuuliza mdogo wake.

"Tuseme saa mbili."

"Tuseme saa nne. Wameshika nyundo, hawajashika saa."

Saa sita zilikosekana. Mama Pindo alikaa kwenye ncha ya kitanda. Akampigia muuguzi, akaambiwa upo mtungi mwingine hospitali kubwa, ng'ambo ya mji, na ungetolewa kwa yeyote atakayeufuata na gari, ila gari la zahanati lilikuwa safarini. Alikuwa bado ameshika simu mlango ulipogongwa.

Alikuwa Mama Pacha wa nyumba ya tatu, amembeba mmoja wa mapacha wake, binti wa miaka mitano. Mkono mwingine ulishika kimashine cha mvuke wa dawa ya pumu, waya wake unaning'inia. Mtoto alikuwa anapiga miluzi kifuani kila anapovuta pumzi.

"Samahani jirani. Nasikia kwenu kuna umeme. Pampu yake ya mkononi imeisha dawa. Dakika kumi na tano tu."

Mama Pindo hakufungua mlango wote. Baadaye alisema hilo mwenyewe, bila kuulizwa, na alilisema mara nyingi. Alisimama kwenye uwazi wa mlango, akafikiria betri zake mbili, akafikiria alama ya kuuliza kwenye daftari, na mdomo wake ukasema, "Ngoja kidogo."

"Nani anahema hivyo?" sauti ilitoka nyuma. "Huko si kuhema kwangu. Mlete huku."

Mtoto aliketishwa kitandani kwa Mwalimu. Mwalimu alikipindua kile kimashine akasoma maandishi ya chini. "Wati mia na ishirini, kwa robo saa." Macho yake yalipanda darini, yakashuka. "Ni sawa na dakika sita zangu."

"Sita?" alisema Mama Pindo.

"Sita. Hofu yako ilikuwa imepata ngapi?"

Mama Pindo aliona haya mpaka masikioni. "Siku nzima," alisema.

Waliichomoa taa ya kando ya kitanda, wakachomeka kimashine kwenye tundu la pili la soketi nyekundu. Mvuke ukaanza kutoka. Mwalimu na yule mtoto walikaa bega kwa bega, huyu na mpira puani, yule na barakoa usoni, wakitazamana kwa pembe ya jicho.

"Wewe wako unanguruma," alisema mtoto kutoka ndani ya barakoa.

"Usiongee. Vuta. Hesabu mpaka mia moja kimoyomoyo, ukikosea unaanza upya."

Miluzi ilipungua, ikawa kama ya mbali, ikakoma. Mama Pacha, aliyekuwa amesimama muda wote huo kiganja kifuani, hatimaye aliweza kuangalia kitu kingine, na alichokiangalia ni daftari. "Hii alama ya kuuliza ni ya nini?"

Walimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa simu. Mumewe alikuwa na pikapu ya kubebea samani za watu wanaohama.

"Baba Pacha, hilo kabati la mtu lishushe hapohapo ulipo. Nimesema lishushe. Nenda hospitali kubwa."

Pikapu ilifika saa kumi na mbili kasoro, wakati Mwalimu amekwisha hamia kwenye mtungi wa kwanza kwa mwendo wa pole na bila mtu kujikwaa. Baba Pacha alikuwa ameufunga mtungi wa pili kwa kamba tano na blanketi mbili, na aliendesha polepole kiasi kwamba watoto waliokuwa wanatembea kutoka shule waliingia mtaani kabla yake.

Usiku ulipita bila kisa, ila Mama Pindo, aliyejiapiza kukesha kitini, aliamshwa na dada yake mara mbili kwa sababu ya kukoroma. Alfajiri walibadilisha mtungi. Saa tatu na nusu asubuhi redio ya dukani ilianza ghafla katikati ya wimbo na mtaa mzima ukapiga vigelegele. Mama Pindo aliruka, mkono ukaelekea kwenye plagi ya Mgeni.

"Dakika kumi," alisema Mwalimu. "Umeme wa kwanza huja na hasira. Fundi alisema nini?"

"Subiri kwanza," alijibu Mama Pindo, na wote wawili wakacheka mpaka Mwalimu akalazimika kuinua mkono kuomba wakomeshe, maana kicheko kilikuwa kinammalizia hewa.

Muuguzi alipofuata mitungi yake alisoma ile karatasi ya ukutani, akaomba ainakili. Alikuwa na nyumba nyingine nne zenye mashine kama ile, na katika hizo nne, mbili hazikujua hata saa ngapi zingehimili. Mwalimu alisema nakala haitoshi, maana kila nyumba ina hesabu yake. Alitaka kwenda mwenyewe. Daktari alimkubalia, mara moja kwa juma, na mtungi mdogo wa begani ambao Mama Pindo aliushonea mfuko wa kitambaa cha mapazia.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya seremala mstaafu, mitaa miwili kutoka kwao. Baba Pacha aliwapeleka. Mwalimu alishuka polepole, akapumzika kwenye lango, akapumzika tena mlangoni. Seremala alikuwa kitandani, mtu mkubwa mwenye mikono mipana, mashine yake inanguruma kando. Alimtazama mgeni wake kwa muda, kisha akajaribu kukaa wima.

"Shikamoo, Mwalimu. Hunikumbuki. Darasa la nne. Uliniweka nje siku nzima kwa sababu ya jedwali la saba."

Mwalimu alivuta kiti, akaketi, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya.

"Marahaba," alisema. "Ulishalijua?"

"Mpaka mara tisa."

"Inatosha kuanzia. Geuza hiyo mashine yako nisome nyuma."